Mheshimiwa Akijibizana na Mdoli

Februari 2012, uongozi wa jiji la Barnaul, kule Siberia, ulitoa uamuzi ambao sidhani kama una mwenzake popote: midoli si raia wa Urusi, kwa hiyo haiwezi kuruhusiwa kuandamana. Msemaji wa jiji, Andrei Lyapunov, alifafanua kwa utulivu wa mtu aliyesoma sheria akaielewa. Midoli, hasa ile iliyotoka nje ya nchi, si raia. Tena si watu kabisa. Akakiri kwamba pengine walioomba kibali wanaipenda midoli yao na kuiona marafiki, lakini sheria ina mtazamo wake. Kwa mtazamo huo si mdoli, si bendera, si sahani wala kifaa cha umeme cha nyumbani kinachoweza kushiriki mkutano wa hadhara.

Mambo yalianzia kwenye uchaguzi wa bunge wa Desemba 2011, uliolalamikiwa sehemu nyingi za Urusi kwa wizi wa kura. Watu wa Barnaul waliomba kibali cha kuandamana wakanyimwa. Januari wakatoka na vichezeo vya watoto wao, wakavipanga juu ya theluji: vijitu vya Lego, vijisanamu vinavyotoka ndani ya mayai ya chokoleti, askari wa plastiki, dubu wa manyoya, magari madogo. Kila kimoja kilishikishwa bango la ukubwa wa kidole, lenye madai yaleyale ambayo watu wazima walikatazwa kuyabeba. Polisi wakaja. Wakainama, wakasoma mabango, wakaandika kwenye madaftari. Baadaye naibu mkuu wa polisi wa jiji aliwaambia waandishi wa habari kwamba wapinzani sasa wanatumia teknolojia mpya. Teknolojia yenyewe ni dubu wa manyoya!

Kilichowachekesha watu ni ile sauti. Serikali ina sauti yake, nzito, yenye "kwa mujibu wa kifungu", na ikielekezwa kwa watu hutisha. Ikielekezwa kwa mdoli inabaki vilevile, neno kwa neno, ila sasa kila mtu anaisikia ilivyo. Waandamanaji hawakumtukana mkubwa yeyote. Waliacha mlango wazi, wakubwa wakaingia wenyewe na kofia zao za kazi, wakaketi mkekani pamoja na watoto.

Urusi ni mbali, na ugomvi wao ulikuwa wa kura. Sauti hiyo, hata hivyo, sisi tunaijua kutoka jukwaa jingine. Waliokuwa na akili zao miaka ya 1980 na 1990 wanaikumbuka mihadhara ya kulinganisha dini: uwanja wa shule au wa soko, meza moja, Biblia na Kurani zilizochomekwa vipande vya karatasi kila ukurasa wa tatu, spika za kukodi, na mhadhiri anayetaja sura na aya kwa kasi ya dalali wa mnadani. Upande huu takbira, upande ule haleluya. Kanda zake ziliuzwa kama kanda za taarabu, na wanunuzi hawakukosekana. Serikali ikaingiwa na hofu, na onyo la "kashfa za dini" likawa halikosekani kwenye hotuba za viongozi. Siku hizi uwanja umehamia kwenye simu, ambako mhadhiri hahitaji kibali wala jenereta.

Kwenye mihadhara hiyo kulikuwa na wasikilizaji ambao hakuna aliyewatilia maanani: watoto. Kesho yake ungewakuta nyuma ya nyumba, mmoja kasimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, gunzi la mahindi mkononi ndiyo maiki, anayahutubia magunzi mengine yaliyovishwa vitambaa. Anapaza sauti, anatikisa kidole, anakohoa kidogo kabla ya kumtaja mpinzani, anajifuta jasho ambalo halipo. Aya hajui hata moja. Mengine yote ameyapata, mpaka ile namna ya kunyamaza ghafla ili umati upige kelele.

Kichezeo kinaweza kuiga kila kitu cha malumbano ya dini isipokuwa imani. Mbwembwe huigika, hasira huigika, joho na kanzu vitashonwa, spika itachongwa kwa boksi la viatu. Ukishaviweka vyote hivyo kwenye mdoli na kuvitazama, unapata hesabu ya mambo yaliyokuwemo kwenye ugomvi ule ambayo hayakuwa dini hata kidogo. Ndiyo maana mzaha wa midoli huwauma zaidi wale ambao wamebakiwa na mbwembwe tu.

Mwenye hakika na imani yake hana haja ya kuogopa. Waluteri wa Ujerumani wenyewe ndio waliofurahia mwaka 2015 kampuni ya Playmobil ilipotoa kisanamu cha Martin Luther, kirefu kama kidole cha mtu, kofia na joho jeusi, kalamu ya unyoya mkono mmoja na Biblia mkono wa pili. Vipande 34,000 vya kwanza viliisha ndani ya saa 72. Kufika 2017, dunia ya Kiluteri ilipoadhimisha miaka 500 tangu hoja 95 za Wittenberg (na Waluteri wa KKKT, kutoka Bukoba hadi Iringa, ni sehemu kubwa ya dunia hiyo), mauzo yalikuwa yamepita milioni moja. Sidhani kama Luther angechukia. Huyu ndiye mtu ambaye mwaka 1545 alitoa mfululizo wa michoro ya kumkejeli Papa kutoka karakana ya Lucas Cranach, michoro ambayo mhariri wangu asingeichapa hata kwa bunduki.

Kisanamu hicho kilizua ugomvi kwa jambo dogo. Kwenye ukurasa wa Biblia yake ya plastiki kuliandikwa kuwa hapo ndipo vitabu vya Agano la Kale vinapoishia, na neno "mwisho" likawekwa kwa herufi kubwa. Profesa Micha Brumlik akasema maandishi hayo yanamwambia mtoto kwamba Agano la Kale, yaani maandiko ya Wayahudi, limekwisha kazi. Kampuni ikayabadilisha. Hapo mimi sikucheka. Luther aliandika mwaka 1543 kitabu kizima cha chuki dhidi ya Wayahudi, na nchi iliyofanya ilichokifanya karne ya 20 ina haki ya kusoma herufi ndogo kwenye mikono ya kichezeo. Si kila anayemlalamikia mdoli ni mpuuzi.

Mpuuzi ninayemfikiria mimi ni mlalamikaji wa aina nyingine. Oktoba 2001 Mmarekani mmoja asiyeamini Mungu, Brendan Powell Smith, anayejiita Mchungaji kwa utani, alianza kusimulia Biblia kwa picha za Lego. Aliijenga bustani ya Edeni, gharika, vita vya Yoshua, yote kwa vipande vya plastiki, na kila hadithi akaiwekea tahadhari: hapa pana uchi, hapa pana ngono, hapa pana ukatili. Mwaka 2011 Agano la Kale lake lilitoka kama kitabu, na maduka ya Sam's Club yakakiondoa rafuni baada ya wateja kulalamika kwamba hakiwafai watoto. Ni kweli hakiwafai. Lakini visa vya Lutu na binti zake, au vya suria wa yule Mlawi katika Waamuzi sura ya 19, Smith hakuvitunga. Vimo katika kitabu ambacho wazazi haohao wanampa mtoto siku ya kipaimara, nao wamejifariji kwa kujua kwamba hatafika huko. Nimesikiliza mahubiri mengi maishani, Waamuzi 19 sijapata kuisikia mimbarini.

Smith naye ana upungufu wake. Jicho lake huliona panga upesi kuliko rehema, na mtu aliyesoma Biblia kwa Lego tu angedhani manabii walikuwa wachinjaji wenye likizo fupi. Lakini kejeli yenye upogo hujibiwa kwa kejeli iliyonyooka, au kwa kunyamaza. Kuikimbiza dukani ni kuitangaza bure.

Sasa twende Khartoum, ambako hakuna aliyekusudia mzaha. Mwaka 2007 mwalimu Mwingereza katika shule moja ya kulipia aliwataka wanafunzi wake wa miaka saba wampe jina dubu wa manyoya wa darasa lao. Watoto 23 walipiga kura, 20 wakachagua Muhammad. Mtoto mmoja aliyehusika na pendekezo hilo naye aliitwa Muhammad. Alitaka dubu awe wajina wake. Kila mwisho wa wiki dubu alikwenda nyumbani na mtoto mmoja, na mtoto akaandika dubu alivyoshinda. Akatokea mtu akashtaki. Mwisho wa Novemba mwalimu alihukumiwa kifungo cha siku 15 kwa kuitusi dini, na kesho yake, Ijumaa, umati uliingia mitaani, wengine na mapanga, ukitaka auawe. Baraza la Waislamu wa Uingereza liliilaumu hukumu hiyo hadharani. Wajumbe wawili Waislamu wa Baraza la Mabwana la Uingereza walipanda ndege kwenda kumwona Rais Omar al-Bashir, na tarehe 3 Desemba akamsamehe.

Watoto walimpa dubu jina walilolipenda kuliko majina yote. Huku kwetu jina hilo ni Mohamedi, ni Mudi, na linaitwa kutwa nzima kwa kila aina ya sauti: Mudi sogeza hiyo baiskeli, Mudi we mwizi wa chenji, Mudi umekula chakula cha nani. Hakuna anayedhani ametukanwa Mtume. Jina likishapewa nusu ya mtaa linajifunza kustahimili. Wale wenye mapanga walikuwa na ghadhabu yao tayari kabla dubu hajabatizwa. Dubu aliwapa mahali pa kuitua tu.

Katika Sunan Abi Dawud imo hadithi ambayo wasomi wetu wa madrasa wanaijua vizuri na ambayo wenye spika kubwa hawaigusi. Mtume Muhammad (S.A.W.) amerudi kutoka vitani. Upepo unafunua pazia, wanaonekana wanasesere wa mkewe, Bi Aisha, na katikati yao farasi mwenye mbawa za vitambaa. Anauliza, hiki nini? Farasi. Na hivi vilivyo juu yake? Mbawa. Farasi ana mbawa? Bi Aisha anamuuliza kama hajasikia kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Wanazuoni wamejadili kwa karne nyingi hadithi hii inaruhusu nini katika suala la sanamu na vichezeo, na gazeti si mahali pa kutolea fatwa. Mimi nakitazama kile kicheko. Binti ametoa hoja ya dini kwa kutumia kichezeo, tena yenye shahidi Nabii, na alilolipata ni kicheko cha kuonyesha magego. Umati wa Khartoum ulikuwa na dini hiyohiyo na kitabu hichohicho.

Wakristo wasiketi vizuri sana kwenye viti vyao. Februari 1999 Jerry Falwell, mhubiri wa Marekani mwenye televisheni na chuo kikuu, aliruhusu gazeti lake kuwaonya wazazi juu ya Tinky Winky, yule kiumbe wa zambarau wa Teletubbies. Ushahidi ulikuwa rangi yake, pembetatu iliyo juu ya kichwa chake na mkoba mwekundu anaoubeba: mashoga hao, wamefika mpaka kwenye kipindi cha watoto wasiojua kusema. Miaka 18 baadaye Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya, chini ya Ezekiel Mutua, ilipiga marufuku katuni sita za watoto kwa tuhuma za aina hiyohiyo. Kabla mwaka haujaisha Mutua alitoa maoni pia kuhusu simba wawili madume waliopigwa picha Maasai Mara wakiwa katika hali ya kutatanisha, akapendekeza watengwe wachunguzwe. Mimi na simba hao tuna jambo moja tunalokubaliana: hatukujua kwamba bodi ya filamu inatuhusu.

Msomaji anaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu mapenzi ya jinsia moja. Wengi wa wasomaji wa safu hii msimamo wao naujua, wananiandikia. Lakini mtu mzima anayempekua kiumbe wa sufu ili aone ana nini ndani ya mkoba ameacha kutetea maadili, ameanza kucheza. Wajanja wa Marekani waliojiita Barbie Liberation Organization walilijua hilo. Mwaka 1993 walinunua midoli ya Barbie inayosema, ya aina ambayo mwaka mmoja kabla ilizua kelele kwa kulalamika kuwa hesabu ni ngumu, wakanunua na midoli ya askari G.I. Joe, wakabadilishana sauti zao, wakairudisha mamia yake madukani kabla ya Krismasi. Watoto wakafungua zawadi: askari mwenye misuli anataka kupanga harusi, msichana mwenye nywele za dhahabu anatishia kisasi. Hawakuongeza neno hata moja. Kila kilichosemwa kilikuwa kimeshauzwa dukani mwaka mzima na hakuna aliyeshtuka. Uarabuni nako Barbie alifukuzwa, mwaka 2003 akatokea Fulla na baibui lake, na kwa wazazi wengi ugomvi ukaishia hapo: aliyekuwa na shida na nguo alibadilishiwa nguo.

Mzaha huu una gharama pia. Mwaka 2015 msanii anayejiita Mimsy alipeleka London picha za wanyama wadogo wa Sylvanian Families, sungura na wenzake, wakiwa mandarini, shuleni na ufukweni, wakati nyuma yao panya waliovaa nyeusi na kushika bunduki wanakaribia. Mzaha juu ya kundi la Dola ya Kiislamu lililokuwa likichinja watu Syria na Iraki. Polisi wakasema kazi hiyo inaweza kuchochea, na kwamba ikionyeshwa waandaaji walipe pauni 36,000 za ulinzi kwa siku sita. Ikaondolewa. Nadhani hiyo ndiyo bei ya juu kabisa iliyowahi kutajwa ya kumlinda sungura wa plastiki. Panya wale walishinda bila kutoka pangoni.

Na mdoli umewahi kutumiwa dhidi yetu, tusijisahaulishe. Golliwog, mdoli mweusi tii mwenye midomo mikubwa na nywele za kusimama, alizaliwa kwenye kitabu cha watoto cha Florence Kate Upton mwaka 1895, akalelewa na Waingereza kwa zaidi ya karne moja, hadi kwenye chupa za jamu. Aprili 2023 polisi wa Essex waliichukua midoli kadhaa ya aina hiyo kutoka baa moja, na waliokasirika walisema ni mzaha tu. Golliwog haigi hoja ya mtu wala mbwembwe zake. Anaiga sura ambayo mtu alizaliwa nayo, na hakuna malumbano ambayo mwenye sura hiyo angeweza kuyaacha ili achekwe kidogo. Kwangu mimi mpaka uko hapo. Mhadhiri anaweza kushuka jukwaani akapumzika.

Kwa kipimo hicho, malumbano yetu yanayostahili midoli kuliko yote ni ya mwezi. Ramadhani ikifika ishirini na tisa, nchi inagawanyika kati ya wanaosubiri mwezi uonekane hapahapa na wanaofuata popote ulipoonekana. Mufti anasubiriwa Dar es Salaam, Zanzibar ina ofisi yake ya Mufti, Kenya inamsikiliza Kadhi Mkuu, na simu zinaita. Umeonekana! Wapi? Somalia. Kauona nani? Watu. Nyumba moja, baba kafunga, mwana keshakula pilau, na kila mmoja anamsikitikia mwenzake kwa upole unaoumiza kuliko matusi.

Ningependa kuliona hilo kwenye sinia moja. Mwezi ukatwe kwenye kopo la maziwa, ufungwe uzi, na uzi apewe mtoto, apandishe na kushusha anavyotaka. Upande mmoja mdoli wa mzee mwenye darubini aliyeelekeza kusini. Upande wa pili kijana mwenye simu tatu. Katikati fundi cherehani, ambaye mabishano yakirefuka anapata siku nzima ya kumalizia kanzu za watu, na ambaye kwa hiyo anaona pande zote mbili zina dalili nzuri. Shangazi na sufuria, anayetaka kuambiwa jambo moja tu: niroweke mchele au nisiroweke? Watoto wawili waliogundua kwamba Idi mbili ni mikono miwili ya kutoa sikukuu, nao ndio wafuasi wa dhati kabisa wa madhehebu yote. Nahodha wa jahazi aliyeuona mwezi kweli na hakuna aliyemuuliza.

Wenye makanisa ya upako watengenezewe sinia la pili, lenye chupa ndogo ndogo za mafuta na spika kubwa kuliko kanisa. Na kwenye masinia yote mawili asikosekane mdoli wa mwandishi wa makala ya mwisho wa wiki, kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, kalamu imeelekezwa kwa kila mtu isipokuwa yeye. Huyo awekwe pembeni, na asitiwe betri.